Panga Lilizunguka Kinyume: Hesabu ya Kufufua Ndege za Kale kwenye Simuleta

Haya niliyasema Jumamosi moja alasiri mjini Moshi, kwenye ukumbi usio mbali na stendi kuu ya mabasi. Waliokuwepo ni vijana wa kompyuta, mashabiki wa kurusha ndege kwenye skrini, na wazee wachache waliofanya kazi za ndege enzi zao. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Nimeacha kikohozi changu na zile dakika ishirini umeme ulipokatika.

Wazee wangu, shikamooni.

Vijana, habari za mchana. Dada aliyenialika aliniomba nizungumzie fursa. Neno hilo naliogopa kidogo, maana siku hizi mtu akisikia fursa anatoa simu kutuma pesa kabla hajauliza ni fursa ya nini. Kwa hiyo mniruhusu nianze na hasara.

Ndege yangu ya kwanza ya kuuza, ya kurushwa kwenye simuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ilikuwa DC-3, ndege ya abiria ya kale ya Kimarekani yenye injini mbili. Niliitengeneza kwa miezi 14, usiku baada ya usiku, mchana nikiwa fundi wa kompyuta Arusha, karibu na soko la Kilombero. Nilipoiweka sokoni, mwaka mzima wa kwanza zilitoka nakala 61. Kiasi cha fedha sitakitaja. Mke wangu ameketi mstari wa tatu na suala hilo bado hatujalimaliza.

Kosa lilikuwa wapi? DC-3 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Ukijumlisha zile za kijeshi na zile zilizotengenezwa kwa leseni katika Urusi ya Kisovyeti na Japani, zinapita 16,000. Hakuna shabiki wa ndege duniani asiyeijua. Mimi nikajiambia, inayojulikana na wote itanunuliwa na wengi. Sikuangalia nani mwingine anaigawa. Microsoft walipotoa simuleta yao, Flight Simulator, toleo la kuadhimisha miaka 100 tangu ndugu Wright waruke kwa mara ya kwanza, mwaka 2003, DC-3 ilikuwa ndani ya boksi. Toleo la 2006, lile tunaloliita FSX, imo pia. Watu wa kujitolea nao walikuwa wameshatoa C-47, yaani DC-3 ya kijeshi, ya bure, nzuri kuliko yangu. Na kana kwamba sijapigwa vya kutosha, Novemba 2022 likatoka toleo la miaka 40 ya Flight Simulator, na humo DC-3 ikarudi bila malipo ya ziada. Jamani, nilikwenda kuuza ndizi Kibosho.

(Kicheko.)

Lakini hasara ile ilinipa kitu. Mzee mmoja, ambaye yupo hapa mbele na ameniomba nisimtaje jina, alifanya kazi ya ufundi East African Airways, shirika la ndege la Afrika Mashariki la enzi zile, Nairobi, miaka ya sitini. Mjukuu wake alimwambia kuna kijana ametengeneza Dakota, jina jingine la DC-3, kwenye kompyuta. Nikaenda kwake Pasua, hapa hapa Moshi, na laptopu. Nikawasha, nikapaa, nikajisifu kidogo. Akaniuliza, "Magurudumu unayakunjaje?" Nikabonyeza kitufe kimoja, yakakunjika. Mzee akacheka hadi akatoa miwani.

Akajisogeza ukingoni mwa sofa, akashusha mkono sakafuni kama mtu anayetafuta ndara, akavuta kitu ambacho hakikuwepo. Halafu akageukia nyuma ya kiti cha upande wa kulia, ambacho nacho hakikuwepo, akasukuma wenzo. Hatua mbili. Kwenye DC-3 halisi kuna komeo sakafuni la kufunguliwa kwanza, kisha wenzo wa haidroliki ulio nyuma ya kiti cha rubani msaidizi. Mimi nilikuwa nimechora komeo lile! Nililiona kwenye picha, nikalichora vizuri kabisa na kutu yake, nikaliacha kama pambo. Nilikuwa nalo machoni kwa miezi 14 bila kujua kazi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa biashara hii inakula fedha wapi, na ndicho nilichokuja kuwaeleza. Kuchora ndege ya kale siku hizi ni rahisi. Kuijua ndiko ghali.

Vijana wa kompyuta mtabisha, kwa hiyo tutazame. Umbo la ndege unalichora kwa Blender. Programu hiyo ni ya bure, na historia yake ingependeza hata kwa wazee wa harambee: mwaka 2002 watumiaji walichangishana euro 100,000 ili kuinunua kutoka kwa wawekezaji wake na kuifungulia dunia. Tangu hapo kijana wa Soweto hapa Moshi na kijana wa Berlin wanatumia jembe lilelile. Kujifunza kulitumia ni suala la bando na uvumilivu. Rangi, mikwaruzo, michirizi ya mafuta kwenye bawa, vyote vina mafunzo ya video hadi utachoka. Kazi hiyo ni ndefu, ila urefu wake unapimika. Nikikuajiri leo unichoree kiti cha rubani, naweza kukisia utachukua siku ngapi.

Sasa niambie utachukua siku ngapi kujua mshale wa joto la mafuta unapanda kwa kasi gani injini ikiwa baridi asubuhi ya Julai pale uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, mita karibu 1,400 juu ya usawa wa bahari. Au usukani unakuwa mzito kiasi gani ukipunguza mwendo. Au swichi fulani inalia vipi. Mengine yamo kwenye vitabu vya mwongozo vya viwanda, na vitabu hivyo viko kwenye maktaba za Ulaya na Marekani, au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu. Mengine hayakuandikwa kamwe. Yako mikononi mwa watu, kama komeo la mzee wangu.

Ndege za kisasa zina ugumu wao, sibishi. Kompyuta za Boeing mpya zinahitaji waandishi wa programu wa hali ya juu. Ndege ya kale haina kompyuta, kwa hiyo mtu anadhani ni nyepesi. Kinachokosekana kwenye kompyuta kinarudi kama tabia: kabureta inayoganda, magneto, ile ya kutoa cheche, inayokohoa, injini inayokasirika ukiisukuma kabla haijapata joto. Na mnunuzi wa ndege za kale ni mtu wa aina yake. Mara nyingi ni mstaafu, amewahi kurusha au kutengeneza ndege, na fedha kidogo anayo. Anakulipa ili akukosoe.

Hilo linanileta kwenye ndege yangu ya pili, de Havilland Dragon Rapide. Safari hii nilichagua kwa akili. East African Airways ilipoanza kazi Januari 1946, ilianza na Rapide sita. Ni ndege ya mabawa mawili-mawili, mbao na kitambaa, injini mbili za Gipsy za nguvu za farasi 200 hivi kila moja, na rubani mmoja amekaa peke yake puani kama dereva wa bajaji. Iliruka kwanza mwaka 1934 na zikatengenezwa zaidi ya 700. Kiuchumi ni tamu: magurudumu hayakunjwi, hakuna haidroliki ya kukusumbua, geji zinahesabika. Kazi ya miezi tisa. Washindani wachache. Na rangi za kwetu Afrika Mashariki, ambazo ndizo zilizoitofautisha.

Ikatoka siku ya Ijumaa. Saa tatu baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa bwana mmoja wa Uingereza, ya adabu sana, mistari miwili tu. Alisema ndege ni nzuri, ila mapanga yanazunguka kinyume.

Nilicheka. Nikaenda kutazama picha mnato, nikaacha kucheka. Injini nyingi za Kimarekani, ukikaa kwenye kiti cha rubani, zinazungusha panga kufuata mshale wa saa. Gipsy zinazungusha upande wa pili. Mimi nilikuwa nimechukua mazoea ya DC-3 nikayahamishia kwenye mashine ya Kiingereza. Utasema, si ugeuze tu? Panga likizunguka upande mwingine, ndege nayo inavuta pua upande mwingine wakati wa kupaa. Nilikuwa nimetumia wiki na wiki kurekebisha tabia hiyo kwa mkono, kidogo kidogo, na yote ilikuwa ya upande usio wake. Wiki sita za kurudia. Katika wiki hizo watu 19 waliomba kurudishiwa fedha, na maoni ya siku ile ya kwanza bado yapo pale, kila mnunuzi mpya anayasoma.

Mwelekeo wa panga ni taarifa moja. Neno moja, kulia au kushoto. Ningempigia simu fundi yeyote aliyewahi kuliwasha kwa mkono, angenijibu kabla salio halijaisha.

Haya, sasa ubao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo tuandike. Namba hizi ni za mfano, msiende kunishtaki nazo.

Chukua watu watatu, kila mmoja ajilipe shilingi 1,000,000 kwa mwezi, miezi 18. Hiyo ni 54,000,000. Kompyuta mbili zenye kadi nzuri ya michoro, tuseme 9,000,000. Bando na umeme, 150,000 kwa mwezi, inafika 2,700,000. Nyaraka, safari za kwenda kumwona mwenye ndege, kurekodi sauti, weka 6,000,000 uone kama zitatosha. Jumla 71,700,000, tuandike 72,000,000.

Bei je? Weka dola 20. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ili hesabu isitusumbue, ni 50,000. Duka kubwa la mtandaoni kama Steam kwa kawaida linachukua asilimia 30. Unabaki na 35,000 kwa nakala, na TRA, mtoza kodi, hatujamtaja. Gawanya. Unahitaji kuuza nakala 2,058 ndipo urudi sifuri. Sifuri, wazee. Hujanunua hata bati.

Na hiyo dola 20 unaiombea wapi? Mwaka 2021 Microsoft walianza mfululizo wao wa ndege za kale, wakafungua na Junkers Ju 52 kwa dola 14.99. Ndege nzima, injini tatu, imetengenezwa vizuri. Kampuni kubwa inaweza kuuza bei hiyo kwa sababu inachouza hasa ni simuleta yenyewe. Ndege za kale ni kachumbari pembeni ya nyama. Wewe unayeuza kachumbari peke yake, bei yake imeshapangwa na mwenye nyama. Ukishuka hadi dola 15 unabaki na 26,250, na nakala za kurudi sifuri zinapanda hadi 2,743. Kisha kuna msimu wa punguzo. Mashabiki wanajua utashusha bei Desemba, basi wanakaa wanakusubiri.

Wapo wanaopandisha. Studio za nje zinazojulikana kwa undani, kama A2A au PMDG, huuza ghali kuliko hapo, na watu wanalipa, kwa sababu ndege zao zinazeeka kweli, zinachoka, ukizitesa zinakumbuka. Tazameni wanachouza: umbo kila mtu analo, wao wanauza kile walichokijua kuhusu mashine. Bei inapanda pale tu.

Mzee wa kahawa atanielewa upesi. Mche wa kahawa unakaa miaka mitatu ukila mbolea na jasho kabla hujachuma chochote cha maana. Gharama zote ziko mbele. Tofauti yetu na kahawa ni kwamba mbuni ukishazaa unakaa hapo hapo shambani kwako. Sisi tumepanda kwenye shamba la kupanga.

Hili nataka kulikalia kidogo, maana vijana wengi hawalioni. Simuleta ni mali ya mtu mwingine. FSX ilitoka 2006. Januari 2009 Microsoft wakaifunga timu iliyoitengeneza, mashabiki wakalia. Haikuja Flight Simulator nyingine kamili hadi tarehe 18 Agosti 2020. Miaka 14! Kwa shabiki ilikuwa msiba, kwa mtengenezaji ilikuwa neema, kwa sababu shamba lilitulia. Ndege uliyoimaliza 2008 ungeweza kuiuza hadi 2020 bila kuigusa sana. Nakala tano mwezi huu, nane mwezi ujao, haba na haba. Ndivyo watengenezaji wengi wadogo walivyorudisha mitaji yao.

Kisha shamba likaamka. Toleo la 2020, na tarehe 19 Novemba 2024 lingine, na katikati masasisho yasiyoisha. Kila sasisho linaweza kuvunja kitu: leo geji hazisomi usiku, kesho sauti ya injini ya kushoto imepotea. Mnunuzi aliyekulipa mara moja anataka umrekebishie milele. Ile hesabu yangu ya miezi 18 haikuwa na mstari wa matengenezo, na nimeuacha makusudi ili muone jinsi ulivyo rahisi kusahaulika. Mimi sasa kati ya kila siku tano za kazi, moja na nusu inakwenda kwenye Rapide ambayo nilidhani nimeimaliza.

X-Plane, simuleta nyingine, ni shwari zaidi kwa hapa kwetu, na inaruka bila intaneti. Ile ya Microsoft inavuta picha za dunia moja kwa moja kutoka kwenye seva zao. Ukizunguka Kibo mara mbili bando la wiki limekwenda. Nakala za kuibia sitaki kuzungumzia sana. Zipo. Anayebeba ndege yangu kwenye flashi hakuwa na dola 20 za kunipa.

Haki na majina, kwa ufupi. Viwanda vya zamani vimekufa lakini majina yao yana warithi. De Havilland iliingia Hawker Siddeley mwaka 1960, ile ikaingia British Aerospace 1977, nayo ikawa BAE Systems 1999. Kabla hujaandika jina la kiwanda kwenye tangazo lako, muulize mrithi. Barua ni bure. Ukipuuza, siku ndege ikianza kuuzika ndipo wanasheria watakapokukumbuka.

Malipo nayo. Njia moja kubwa ya kimataifa, sitaitaja, ilinikubalia kulipa watu miaka yote, lakini siku niliyotaka kulipwa ikaniambia nchi yangu haimo kwenye orodha ya wapokeaji. Nilikuwa na nakala zimeuzwa, fedha zinaonekana kwenye skrini, na nyumbani tunakopa unga dukani. Ilibidi kupitia duka linalolipa moja kwa moja benki. Ulizeni hilo kabla ya kuchora hata tairi. Na katika miezi ile ya kungoja msikimbilie mikopo ya kausha damu. Marejesho yake ni ya kila wiki. Ndege hii inazaa baada ya mwaka na nusu.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua mnalo, maana nimeulizwa mlangoni mara nne: VC10 lini?

(Makofi kutoka kwa wazee.)

Najua. East African Airways walikuwa na Super VC10 tano, ndege kubwa za jeti za Kiingereza. Moja ilipotea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Shirika lilipokufa mwaka 1977 nne zilizobaki zikarudi Uingereza, jeshi la anga la huko likazigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta angani, za mwisho zikafanya kazi hiyo hadi Septemba 2013. VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuwa ya kwetu, 5H-MOG, usajili wa Tanzania. Leo imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza, ikiwa na namba za kijeshi ZA150. Zilitengenezwa 54 tu za aina zote, na zilibuniwa zikilenga viwanja kama vya kwetu, vya juu na vya joto, ambako ndege nyingine za wakati ule zilihitaji njia ndefu kupaa. Abiria walizipenda. Wahasibu wa mashirika walizinung'unikia, kwa kuwa Boeing 707 ilimbeba abiria kwa gharama ndogo zaidi.

Moyo wangu unaitaka. Daftari linakataa. Paneli ya mhandisi wa ndege peke yake ina geji na swichi nyingi kuliko Rapide nzima. Ile jumla ya ubaoni ingezidishwa mara tatu, na wanunuzi hawawezi kuzidi mara tatu. Nikiigusa VC10 kwa fedha zangu nitakuwa nimerudia kosa lilelile walilolilalamikia wahasibu wale, ila safari hii mhasibu ameketi mstari wa tatu.

Wengine mmeniambia, basi rudi nyuma zaidi, tengeneza zile za Imperial Airways, shirika la Uingereza la enzi za ukoloni. Wazo tamu hilo. Njia ya barua ya London hadi Cape Town ilifunguliwa Januari 1932, na Moshi hii hii ilikuwa kituo, kati ya Nairobi na Dodoma. Ndege zao za Atalanta, injini nne, zilitengenezwa nane tu, na hakuna hata moja iliyobaki. Hapo ndipo bei ya kujua inapokuwa kama mlima wenyewe. Injini zake ni Serval za silinda 10. Sauti yake nitairekodi wapi? Nitachukua injini nyingine ya zama zile, nitaipunguza hapa, nitaiongeza pale, na kila mtu atakubali kwa sababu hakuna wa kubisha. Hiyo nayo ni hatari ya aina yake. Mahali pasipo na mzee wa kukucheka, unaweza kuuza uongo ukadhani umefufua ndege.

Ninachokifanya mwaka huu ni kidogo. Viwanja vya zamani vya ukanda huu, jinsi vilivyokuwa, vya kuuzwa dola chache kwa wenye Rapide na DC-3 tayari. Na ndege moja ndogo, Dornier Do 27, aina ile ambayo Michael Grzimek aliipaka mistari ya pundamilia akihesabu nayo wanyama Serengeti, hadi tarehe 10 Januari 1959 ilipogongana na tai akafa. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Injini moja, magurudumu yasiyokunjwa. Wapo waliowahi kuitengeneza kwa simuleta za zamani, najua. Mimi nina mtu wa kuniambia ilivyotua kwenye nyasi ndefu.

Kuna jambo moja huwa nalifikiria nikiwa nafanya majaribio upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Tarehe 18 Mei 1955, DC-3 ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga kilele cha Mawenzi, wakafa watu wote 20. Kwenye skrini ukigonga Mawenzi unabonyeza kitufe, unaanza upya. Nimekigonga mara nyingi nikipima mawingu. Siku hizi nikifika pale napandisha kwanza, hata kama najaribu taa tu. Haiingizi shilingi.

Namalizia na biashara, maana hili ndilo hasa lililonileta. Kama nilivyosema, kuchora ni rahisi na kujua ni ghali, ila miaka yote hii nimekuwa nikipokea maarifa yenu bure, kwa chai na maandazi. Sio haki. Wenzetu wa nje wanalipia hata kutazama michoro ya viwanda. Kwa hiyo kuanzia leo nanunua. Mwenye kitabu cha mwongozo, daftari la matengenezo, orodha ya vipuri, hata karatasi ya mtihani wa ufundi ya East African Airways, niitieni. Nakuja na skana yangu, karatasi sichukui, inabaki kwako. Kwa kila ukurasa ninaoutumia nalipa shilingi 500.

(Hapa mzee wangu wa Pasua alinyanyua mkono.)

"Kijana, hiyo mia tano ni ya karatasi. Na maelezo?"

Nikamjibu, "Maelezo mzee tutaelewana."

"Tuelewane sasa hivi, wapo mashahidi. Elfu moja ukurasa, na maelezo juu."

Nikasema mia saba. Akasema yeye ana kurasa 340 za Dakota, na kwamba ukurasa wa komeo la magurudumu umo. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama mzee.

Tulikubaliana mia nane. Jumanne saa nne asubuhi niko Pasua.